Waliniwashia Mshumaa Denmark, Mimi Niko Huruma Nachomelea Geti

Jumapili, tarehe mbili Novemba mwaka jana.

Hiyo ndiyo siku nilijiona nimekufa!

Sikuwa naota. Sikuwa nimelewa, mimi sinywi. Nilikuwa nimetoka kanisani, nimesimama kwa kibanda cha maziwa cha Chebet hapa Huruma, nangoja chai. Chebet aliangalia simu yake. Akaniangalia mimi. Akarudi kwa simu.

"Baba Musimbi... uko sawa?"

"Niko sawa. Kwani?"

"Uko hai?"

"Chebet, kama maziwa imeganda sema tu. Usinizungushe."

Hakucheka. Akanigeuzia ile simu.

Ilikuwa picha. Meza ya kanisa la wazungu, kitambaa cheupe, mishumaa mingi. Katikati ya mishumaa kuna picha ndogo ya watu wawili, mwanamke na mwanamume.

Mwanamke ni Mildred, mke wangu. Huyo ni marehemu kweli.

Mwanamume ni mimi!

Na kando ya meza amesimama msichana wangu Musimbi, mshumaa mkononi, macho yamefura kwa kulia...

"Hapo chini wameandika nini?"

"Ni lugha ya huko, lakini simu imetafsiri." Chebet alisoma polepole, kama mtu anasoma majibu ya hospitali. "Leo tumewakumbuka mama na baba wa binti yetu Musimbi. Walale kwa amani."

Binti YETU.

Walale kwa amani.

Na mimi hapo nimeshika kikombe.

Ndugu zangu mnaosoma, wacha niwaambie mimi ni nani, ili msidhani ni hadithi ya kutungwa. Mimi ni Murunga. Nachomelea mageti na madirisha hapa Huruma, Eldoret. Shule niliacha darasa la sita. Mke wangu alifia kwa wodi ambayo oksijeni iliisha, na mpaka leo hakuna mkubwa ameulizwa. Kwa hivyo mtu akiniambia "tuliza roho Mzee, wakubwa wanashughulikia", mimi naanza kutafuta mahali wameficha kisu.

Musimbi ndiye mtoto wangu pekee. Kichwa yake ni kali. Akiwa kidato cha tatu alichaguliwa na shirika moja la huko kwenda Denmark mwaka mmoja, akae na familia ya huko, asome na watoto wa huko. Nililia kwa furaha. Madam Waithira, mkuu wa shule, alinishika mkono mbele ya watu.

Halafu masharti yakaanza.

Simu za wanafunzi zibaki shuleni, kule watapewa zingine. Sawa.

Mwezi wa kwanza hakuna kupiga simu nyumbani, ati mtoto akisikia sauti ya mzazi anashikwa na upweke, anashindwa kuzoea. Sawa, walisema ni utaratibu wa programu.

Siku ya ndege, mwezi wa Agosti, mzazi asiende uwanjani. Atasindikizwa na mlezi. Nani? Shitanda, kaka ya marehemu mke wangu, anakaa Yamumbi, nje kidogo ya mji. Kwa nini Shitanda? Kwa sababu ana suti na Kiingereza.

Nikasema sawa. Nilikuwa nasema sawa kama mbuzi anapelekwa sokoni!

Baada ya huo mwezi meseji zikaanza kuingia, kutoka kwa namba yake ile ile ya zamani. "Baba niko salama." "Baba huku baridi." Nikipiga, haishikwi. "Baba niko darasani."

Sasa hiyo Jumapili, hapo hapo kwa Chebet, nikaandika: "Mbona nimewashiwa mshumaa?"

Jibu lilikuja hata chai haijapoa.

"Baba usijali. Ni utamaduni wa huku, wanawashia hata wazazi wako hai. Usicomment kitu, utaniaibisha."

Chebet alisoma juu ya bega langu. Akakunja uso.

"Huyu ni Musimbi?"

"Namba ni yake."

"Sijauliza namba. Nauliza, huyu ni Musimbi? Tangu lini anakuita Baba?"

Wee! Nywele ilisimama.

Nyinyi wa kwetu mtanielewa haraka. Musimbi ni jina la mama yangu mzazi. Mtoto akirithi jina la mama yako, huyo ni mama yako. Mimi namuita Mama, yeye ananiita mwanangu. Tangu aanze kuongea! Hapa plotini, kwa hizi nyumba zetu za kupanga, watu walikuwa wanacheka wakimsikia akinigombeza: "Mwanangu, nawa mikono kwanza!" Hajawahi kuniita Baba hata siku moja.

"Nilidhani uzungu umeanza kumuingia," nikamwambia Chebet.

"Uzungu haumalizi mtu hivyo."

Akafungua tena ukurasa wa shule, ambao yeye huufuata kwa sababu mpwa wake anasoma hapo; kanisa la Denmark lilikuwa limetaja jina la shule, ndiyo ile picha ikatokea hapo. Picha haikuwepo tena! Ilikuwa imefutwa sisi tukiongea.

Bahati Chebet ni mwanamke wa kushuku kama mimi. Alikuwa ameshaihifadhi kwa simu yake.

Jumatatu asubuhi nikaenda shule.

Soja wa geti alikuwa ananijua. Hiyo siku hakunijua.

"Mzee, una miadi?"

"Nina mtoto."

"Nimeambiwa wazazi wasiingie bila miadi."

"Umeambiwa leo?"

Akaangalia chini. Gari la mkate likaja, akafungua geti, na mimi nikaingia nalo bega kwa bega.

Madam Waithira aliniona, akatabasamu na meno tu.

"Mzee Murunga! Karibu. Sasa hayo mambo ya Denmark ni ya Mwalimu Munene, ndiye anasimamia programu. Mimi niko na mkutano."

"Madam, mimi nimekufa?"

"Mzee, jamani! Asubuhi yote hii?"

"Nauliza tu. Nijue kama nitarudi kazini ama kaburini."

Akainuka, akachukua mkoba, akaenda mkutano. Nilimuona kwa dirisha akielekea kwa gari yake. Huo mkutano ulikuwa wa yeye na usukani.

Mwalimu Munene alinikaribisha kwa ofisi yake ndogo. Kijana mpole, anafundisha somo la dini. Alinivutia kiti mwenyewe.

"Mzee, pole sana. Ile picha ni tofauti ya tamaduni tu. Musimbi si alikueleza jana?"

Nikasukuma kiti nyuma.

"Wewe umejuaje alinieleza?"

"Aaah... si... nimekisia tu."

Nikatoa simu yangu. Nikamwambia, "Wacha basi nimpigie mbele yako, atueleze vizuri sote wawili."

"Mzee, saa hizi yuko darasani..."

Nikabonyeza.

KOKORIKOOO!

Jogoo akawika ndani ya kabati ya Munene!

Mlio wa simu ya Musimbi ni jogoo. Aliuweka mwenyewe wa kumuamsha asome. Plotini kwetu tulikuwa tunaamshwa sote na huyo jogoo bila kupenda.

KOKORIKOOO!

Munene alikuwa amekuwa rangi ya majivu.

"Hiyo ni simu ya shule, Mzee..."

"Fungua."

"Mzee, tafadhali..."

"Mwalimu, mimi nakata chuma kila siku. Hiyo kabati ni mbao. Fungua!"

Akafungua. Simu ya mtoto wangu ilikuwa hapo, kwa chaji, jina langu linawaka juu.

Kumbe miezi hiyo yote nilikuwa nachati na mwalimu wa dini! Nimemwambia huyu mwanaume nampenda. Nimemwambia asisahau kuvaa soksi mbili!

"Ni nani alikutuma?"

"Niliambiwa tu nikujibu usisumbuke," akasema, sauti imeisha. "Mzee, mimi ni mtu wa mkataba, nikikataa naenda nyumbani. Muulize Shitanda. Ndiye aliweka sahihi ya mlezi."

Nikachukua simu ya mtoto, nikatoka. Hakunizuia.

Yamumbi nilifika jua likiwa kali. Shitanda alikuwa kwa veranda, miguu juu ya stuli.

"Shemeji! Karibu! Mbona hukupiga simu?"

"Marehemu hapigi simu."

Miguu ikashuka.

Mke wake, mama mpole wa Kisii, alileta chai, akaona nyuso zetu, akarudi jikoni na chai yake. Kwa ukuta wa sebuleni niliona picha kubwa kwa fremu: Shitanda na suti, Musimbi, na wageni wa lile shirika, wote wanacheka uwanja wa ndege. Mahali pangu.

"Sema," nikamwambia.

Alijaribu kuzunguka. Akashindwa. Mwishowe akasema, "Nafasi ilikuwa ya watoto hawana mama na hawana baba. Musimbi alipita kila mtihani. Kulikuwa na kitu kimoja tu kilikuwa kinazuia."

"Hicho kitu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nilikuwa nazuia kwa kupumua."

"Shemeji, usiweke hivyo! Madam alisema ni makaratasi tu. Hakuna mtu anakufa kwa karatasi. Shule ikipata mtoto mmoja wa kwenda, walimu wanaalikwa kule, mlezi anaalikwa kule, mwaka ujao wanachukua watoto wengine. Kila mtu anafaidika."

"Na mngeniuliza?"

"Ungekubali kuwa marehemu?"

Mtu anajibu aje swali kama hilo?

Nikamuonyesha ile picha ya mishumaa kwa simu yangu, Chebet alikuwa amenitumia. Hapo ndipo niliona kitu sikutarajia. Shitanda alishtuka! Akasogeza simu karibu na macho.

"Mbona analia hivi?"

"Mimi ndiye nakuuliza."

"Lakini mtoto hajui! Shemeji, naapa. Yeye tulimwambia mimi ni mlezi wa safari, basi. Hakuna mtu alimwambia eti umekufa. Ilikuwa ya makaratasi!"

"Basi hapo anamlilia nani? Karatasi?"

Halafu akasema kile kitu walikuwa wamenitunzia.

"Lakini fikiria. Ukifungua mdomo, hao watu watajua tulidanganya. Mtoto anarudishwa na ndege ya kwanza. Atarudi hapo Huruma, akuangalie ukichoma chuma. Hiyo ndiyo unamtakia?"

Ndugu zangu, hapo ndipo palinimaliza. Nilitoka Yamumbi kwa miguu nikiongea peke yangu kama mwehu. Nikinyamaza, Musimbi anasoma Denmark, lakini hana baba. Nikiongea, ana baba, lakini nimemng'oa kwa shule ambayo sitaweza kumpeleka hata nikichomelea mageti ya Eldoret yote.

Ningenyamaza. Nawaambia ukweli, karibu ninyamaze. Mzazi anaweza kuwa marehemu kama mtoto anafaidika.

Lakini yale macho kwa picha. Mtoto alimzika mama yake akiwa bado mdogo. Sasa ananizika mimi, peke yake, kwa nchi ya baridi, na mimi niko hapa nakunywa chai. Hapana!

Nikaenda moja kwa moja kwa Chebet.

"Mtafute huyo mama mzungu anayekaa na Musimbi."

Kumtafuta haikuwa kazi, kanisa lilikuwa limemtaja jina hapo chini ya picha tuliyohifadhi: Kirsten. Chebet alimaliza kidato cha nne, Kiingereza anacho. Akamuandikia: "Baba ya Musimbi yuko hai. Yuko hapa na mimi." Akanipiga picha nimeshika gazeti la siku hiyo, akatuma.

Jibu likaja.

"Sijui wewe ni nani, lakini huu ni ukatili. Mtoto anaomboleza. Tafadhali tuache."

"Ametublock?" nikauliza.

"Bado. Ngoja." Chebet akabonyeza kitufe cha video bila hata kuniuliza.

Ikalia... ikalia... ikashikwa!

Mama wa nywele nyeupe. Aliniangalia, mkono ukaenda mdomoni. Halafu nikasikia nyuma yake sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Agosti.

"Kirsten, ni nani?"

Uso wa mtoto wangu ukaingia kwa kioo.

Alipiga nduru! Simu ikaanguka. Nikaona dari. Nikaona paka. Nikasikia akilia, "Zima! Zima hiyo!"

"Musimbi! Ni mimi!"

"Hiyo ni AI! Nimeona hizo vitu! Wanachukua picha ya mtu amekufa wanamfanya aongee! Nyinyi ni watu wabaya sana, mnataka nini kwetu?"

"Mama, ni mimi, naapa..."

"Usiniite hivyo! Usiniite hivyo wewe mashine!"

Jamani. Umewahi kukataliwa na mtoto wako kwa sababu anakupenda?

Chebet akaninyang'anya simu. "Musimbi, mimi ni Chebet wa maziwa. Nikuonyeshe nini uamini?"

Akajibu kwa sauti ndogo: "Tembea naye mpaka plotini kwetu. Usikate simu."

Tukatembea. Mimi mbele, Chebet nyuma na simu juu kama anabeba taa. Tukaingia plotini. Wanawake walikuwa wanafua.

"Chebet, unarekodi nini?" Wangeci wa nyumba ya kwanza akapaza sauti. "Murunga ameokoka?"

"Ni Musimbi! Yuko Denmark!"

Weh! Ndoo ziliachwa. Watu walitoka na povu mpaka viwiko. Watoto wakapanda juu ya karo ya kufulia. Kila mtu anataka uso wake uonekane.

"Musimbi! Umenona!"

"Musimbi, ulienda na mwiko wangu!"

"Hata anaonekana mweupe kidogo!"

"Musimbi, huyu babako ananisumbua na kelele ya grenda yake ya chuma kila siku, kuja umchukue uende naye!"

Na wote wanabishana, wote wanaongea mara moja, mtoto wa Wangeci anatoa ulimi karibu alambe kioo...

Nikaona Musimbi amekaa chini sakafuni kwao, mikono usoni, mabega yanaruka. Hakuna mashine inaweza kutengeneza wapangaji wa Huruma.

"Uko hai," akasema. "Uko hai. Uko hai."

Tulilia wote. Mpaka Kirsten. Mpaka Wangeci, ambaye hata hakujua tunalilia nini.

Baadaye tulipotulia, wakanieleza. Alipofika tu, Kirsten alimpa pole kwa kupoteza wazazi wote. Musimbi akashangaa, akamwambia baba yangu yuko. Kirsten akaandikia shule kuuliza. Na wiki haikupita, Musimbi akapokea simu kwamba nimekufa ghafla, nimeshazikwa, na asijisumbue kurudi.

Hakurudishwa. Shitanda alidanganya hata kwa hiyo. Kirsten alipigana na lile shirika, wakasema kosa si la mtoto. Amemaliza muhula, anaendelea mpaka Juni. Sasa tunaongea kila Jumapili, na ananigombeza kama zamani.

Nilienda polisi. Afisa aliniuliza, "Mzee, yaani malalamiko yako ni kwamba uko hai?" Wakacheka. Sina namba ya OB, ile ya kuonyesha kesi imeandikwa, mpaka leo. Madam Waithira naye amehamishwa, shule kubwa kuliko ile. Munene bado anafundisha dini. Hiyo ndiyo Kenya: maskini akikosea anafungwa, mkubwa akikosea anapewa ofisi iko na zulia.

Wazazi, sikieni. Mtoto akipata nafasi ya kwenda ng'ambo, mwache aende. Lakini pata sauti yake, si meseji. Pata namba ya mama anayempikia huko, wewe mwenyewe, kabla ndege haijaruka. Na wakubwa wakikuambia "ni utaratibu wa programu", uliza ni nani aliuandika huo utaratibu. Uliza mpaka wachoke na wewe.

Ningemalizia hapo. Lakini kuna kitu kinaninyima usingizi.

Ile simu ya kusema nimekufa. Nilimuuliza Musimbi, ilikuwa sauti ya nani? Munene?

"Hapana. Ilikuwa mwanamke. Alikuwa analia."

"Madam?"

"Hapana. Alikuwa anaongea lugha yetu. Alilia vile wanalia nyumbani, ile ya kumuita marehemu huku wakitaja ukoo wake. Ndiyo maana niliamini. Alikuita jina sijawahi kusikia... akasema ndilo ulikuwa unaitwa ukiwa mdogo, ukichunga ng'ombe."

Akanitajia hilo jina.

Ndugu zangu, Madam Waithira anatoka Nyeri, lugha yetu haijui. Mke wa Shitanda ni Mkisii. Shitanda mwenyewe hilo jina halijui, hata Mildred sikumwambia. Munene nilimfuata tena, akaniambia ni kweli, mwanamke alipiga simu ofisini, akasema yeye ni wa familia, akaomba namba ya Denmark, wakampa. Jina hakuacha.

Hilo jina linajulikana na watu wa boma letu tu. Wale tulichunga nao. Wale nawasalimia kila Krismasi, tunakula kuku pamoja. Nimewauliza mmoja mmoja. Kila mmoja ameapa, na kila mmoja ameniangalia machoni.

Hilo jina siliandiki hapa. Anayelijua anajijua, na najua nyinyi wa nyumbani mnasoma hii.

Kwa hivyo nauliza mbele ya watu wote.

Ni nani kati yenu alinililia nikiwa hai?